Hakuna Kuondoka Bila Mgeni Rasmi

Maelezo haya nayatoa kwa hiari yangu mwenyewe, kama nilivyoamriwa. Sikulazimishwa na mtu. Mjumbe wa Wizara aliyeniletea karatasi alisema tu kwamba atakaa mlangoni mpaka nimalize kuandika, na kwa kuwa ni mtu mzima mwenye miguu mibaya, nimemhurumia, naandika haraka.

Jina la nchi silitaji. Wenyewe mnaijua, ni ile yenye amani kuliko zote. Mimi naitwa Zebedayo Mang'ula, kocha wa makipa wa Chuo cha Kileleni kwa miaka kumi na minane. Kazi ya kocha wa makipa ni kusimama nyuma ya goli na kupiga kelele "Mikono! Mikono!" Kwa hiyo nikikosea itifaki mnisamehe, sikuzoea kusema maneno mengi.

Chuo chetu kiko juu ya kilima. Chini yake kipo Chuo cha Bondeni, mahasimu wetu, na katikati ni barabara ya vumbi tu. Hatupatani hata kidogo. Mtu wa Kileleni akioa Bondeni, ndugu zake wanakwenda arusini wamevaa nyeusi. Na kwenye mpira, jamani, walikuwa wametufunga miaka saba mfululizo, kwa sababu ya kocha wao mkuu, Bakilana, mtu mfupi mwenye filimbi ya chuma iliyosikika mpaka jikoni kwetu.

Basi, Jumatatu moja asubuhi benchi zima la ufundi la Bondeni likatoweka.

Watu watano! Kocha mkuu, msaidizi wake, kocha wa makipa, kocha wa viungo na daktari wa timu. Walitoka na wachezaji kwa mazoezi ya pumzi, kuzunguka uwanja. Mzunguko wa kwanza wote walirudi. Wa pili wote walirudi. Wa tatu wachezaji walirudi peke yao. Na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kupuliza filimbi ya kusimama, vijana wa watu waliendelea kuzunguka mizunguko kumi na mmoja zaidi, mpaka mmoja akaanguka mbele ya bwalo na mpishi akamwagia maji.

Kwetu Kileleni ilikuwa sikukuu. Wanafunzi walipiga masufuria, wakaimba "Wamekimbia! Wamekimbia!" mpaka sauti zikakauka. Nami nilicheka, sifichi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mechi yetu nao ilikuwa Jumamosi ile ile, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba nilimwona kipa wangu wa kwanza akimaliza chakula chake.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini watu watano wazima, wenye kazi na nyumba za chuo, wamekimbia. Hata mimi sikujiuliza. Ningejiuliza, leo nisingekuwa naandika maelezo.

Jumanne Mheshimiwa Ngubiagai, Waziri wa Michezo, Vyuo na Maagano, akahutubia taifa redioni. Kwanza alikanusha. Alisema makocha hawajatoweka, ila hawajaonekana tangu mara ya mwisho walipoonekana. Halafu akaghadhabika.

"Ndugu wananchi! Kuondoka si kosa. Hii ni nchi huru, kila mtu ana haki ya kuondoka. Lakini kuondoka bila kuaga! Kutuacha sisi tumekaa tu, mikono ya serikali haijapunga! Mikono hii imeumbwa kupunga, ndugu zangu. Mmeidhulumu!"

Nasikia kwenye studio watu walilia.

Siku hiyo hiyo ukatoka Waraka wa Maagano. Nitaueleza kwa kifupi maana ni mzuri. Mtu yeyote anayetaka kuondoka kazini ataaga kwanza. Akiaga, ataundiwa kamati. Kamati itaandaa hafla ya kumuaga na kualika mgeni rasmi. Mpaka mgeni rasmi atakapotamka kwenye kipaza sauti neno moja, "Ruhusa", muagwa atahesabiwa bado yupo kazini, na hatatoka nje ya lango. Mechi ya Jumamosi nayo ikaahirishwa mpaka Bondeni wapate kocha, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa amepangiwa kupiga mpira wa kwanza, na asingeweza kuupiga kwenye mechi ya upande mmoja.

Sasa nisikilizeni mimi na ujinga wangu.

Mkataba wangu ulikuwa unakwisha Ijumaa ya wiki ile. Nilikwishaamua sitauendeleza, nirudi kwetu Mkomanga, mwendo wa saa sita kwa basi. Jumamosi binti yangu Hosiana alikuwa na sendofu yake, ile sherehe ya kumuaga kabla hajaolewa, na ndoa ilikuwa Jumapili. Hosiana ni wangu peke yangu. Mama yake alitutoka mtoto akiwa na miaka minne, na tangu hapo nywele zake nilizisuka mimi, vibaya, akaenda shule hivyo hivyo. Sasa kwenye sendofu baba ndiye anayesimama mbele za watu na kusema kwamba amemruhusu bintiye aende. Maneno yangu niliyafanyia mazoezi nyuma ya goli kwa miezi miwili. Makipa wangu wote watatu wanayajua kwa moyo. Mmoja alifungwa bao kwa sababu alikuwa anafuta machozi.

Mtu mwenye akili zake angepanda basi la Alhamisi, kimya kimya. Mimi Jumatano nilivaa shati safi nikaenda kwa Mkuu wa Chuo, Dokta Chitete, kuaga.

"Mkuu, habari za asubuhi. Mkataba wangu unaisha keshokutwa, na Jumapili naozesha. Nimekuja kuaga."

Dokta Chitete alisimama. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia.

"Mwalimu Mang'ula, unajua wewe ni wa kwanza?"

"Wa kwanza wa nini, Mkuu?"

"Wa kwanza kuaga! Nchi nzima, tangu Waraka utoke! Wengine wanatoroka tu, hawana shukrani. Keti. Keti, baba, usisimame hivyo karibu na mlango."

Akapiga simu Wizarani. Kabla chai haijaletwa nilikuwa nimekwisha kuundiwa kamati ya watu kumi na saba, na nje ya ofisi walikuwa wamesimama walinzi wawili, mmoja wao Koplo Masumbuko, jitu refu lenye macho ya upole.

"Walinzi wa nini, Mkuu?"

"Wa heshima."

"Na nikitaka kwenda msalani?"

"Heshima itakusindikiza," akasema Dokta Chitete, na kweli ilinisindikiza, ikabisha hodi mara mbili kuuliza kama bado nipo.

Hafla ilipangwa Ijumaa saa nne kamili asubuhi. Nikapiga hesabu: saa nne mgeni anafika, saa sita tunakula, saa nane nimepanda basi. Nikampigia Hosiana nikamwambia baba yako anaagwa kitaifa. Alifurahi, maskini. Aliwaambia mpaka mashemeji.

Ukumbi ulipambwa vitambaa vya bluu na nyeupe. Mbele kabisa kiliwekwa kiti cha mgeni rasmi, kikubwa, kimefunikwa kitambaa cha kudariziwa. Mimi niliketishwa kando yake kwenye kiti cha plastiki, nikavishwa taji la maua ya plastiki. Pilau ilikuwa tayari, imefunikwa, harufu imejaa mpaka kwenye dari. Na kila mtu mwenye adabu anajua kwamba hakuna anayekula kabla mgeni rasmi hajafika, wala hakuna anayetoka kabla mgeni rasmi hajatoka.

Saa nne ikafika. Saa tano. Mshereheshaji, kijana mmoja mwenye koti la kumeta aitwaye Kidevu, akasimama: "Mgeni rasmi yuko njiani!" Tukapiga makofi.

Saa nane: "Mgeni rasmi yuko njiani!" Tukapiga makofi, lakini ya njaa. Basi langu lilipita kule chini barabarani, nikalisikia honi yake. Watu wote walisimama, kwaya ikaimba wimbo wa mapokezi, wakidhani ndiye. Siku ile tulisimama mara kumi na moja. Tulisimamia lori la maji, gari la wagonjwa, na mkokoteni wa muuza mkaa ambaye alitupungia mkono akapita.

Ili muda usipotee, Kidevu aliamua ratiba iendelee. Katibu wa kamati akasoma risala, kurasa tisa, akielekea kile kiti kitupu. Kila ukurasa alikiinamia. "Mheshimiwa mgeni rasmi, tunajua una majukumu mengi, lakini umeona vyema uwe nasi leo." Kiti kikatulia kwa heshima zote. Halafu nikapewa zawadi: sanduku la safari, jipya, la magurudumu. Sikulicheka. Nililiweka miguuni nikaliangalia.

Mchana ule wakaletwa wanafunzi wa Bondeni kwa safu, kama hamsini. Wizara iliagiza waje kujifunza kuaga, kwa kuwa kwao makocha waliondoka bila kupungiwa. Kidevu akawafundisha. "Mkono juu! Kulia! Kushoto! Usoni huzuni kidogo! Wewe wa nyuma, huzuni hiyo imezidi!" Walinipungia saa nzima, nami nimekaa pale pale.

Tulilala kwenye viti. Jumamosi asubuhi mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani, na mimi nikaanza kuogopa kweli kweli. Sendofu ilikuwa saa nane mchana, na basi la mwisho ambalo lingeniwahisha lilikuwa limekwisha kuondoka.

Hapo ndipo nikamwona mzee mmoja wa safu ya tatu, suti imepauka mabegani, shingoni taji la plastiki kama langu, ila maua yake yamegeuka rangi ya chai. Alikuja na wale wa Bondeni. Nikamsogelea, heshima zangu mbili nyuma.

"Shikamoo, mwalimu. Wewe uko kamati gani?"

"Marahaba. Mimi si kamati. Mimi ni muagwa mwenzako. Mwalimu Fabiano, riadha, Bondeni."

"Unaagwa lini, mwalimu?"

"Tangu mwaka juzi, mwezi wa tano."

Nilidhani njaa inanidanganya. Akanieleza bila kisirani, akikunjakunja kitambaa chake cha mkononi. Kule Bondeni huo utaratibu ulikuwapo hata kabla ya Waraka. Alipostaafu walimwandalia hafla, mgeni rasmi akawa njiani, na yeye akabaki. Analala chumba cha wageni, anakula bwaloni, kila Ijumaa wanabadilisha vitambaa. Mkewe alikuwa anakuja kumwona langoni, siku hizi anatuma salamu.

"Bakilana alikuwa anakula meza moja na mimi," akasema. "Kila siku ananiangalia na taji langu. Wiki iliyopita mikataba yao wote watano ilikuwa inakwisha. Wakaletewa barua bwaloni kwamba kamati imeundwa. Kijana yule hakumaliza wali wake."

Kumbe! Miaka saba nimemchukia mtu yule, na Jumatatu nimemcheka mpaka nimeshika ukuta. Nilijisikia mjinga.

"Walipitia wapi?" nikanong'ona.

"Uwanja wa Bondeni, nyuma ya goli la mbali. Waya umelegea. Lakini lazima uwe na sababu ya kufika pale, na mimi mzee wa suti sina sababu ya kuzunguka uwanja."

Saa tisa simu yangu ikaita. Ukumbi mzima ulikuwa umelegea, hata kwaya imelala. Ilikuwa ni Hosiana.

"Baba, uko wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu: "Niko njiani, mwanangu."

Nilisikia maneno yale yalivyotoka mdomoni mwangu. Sikuwa njiani popote. Nilikuwa kwenye kiti cha plastiki. Dada yangu Foibe akamnyang'anya simu.

"Kaka, watu mia mbili wamekaa hapa tangu saa nane. Chakula kimefunikwa, hatuwezi kufunua, tunakungoja wewe. Mwanao analia, vipodozi vyote vimemwagika. Unakuja au huji?"

Nilimtazama Mwalimu Fabiano na maua yake ya rangi ya chai. Nikatazama kile kiti kikubwa kitupu. Nikaona aibu, aibu ya kweli, kwa sababu huko Mkomanga kuna kiti kama kile, na kiti kile ni changu.

"Siji, Foibe," nikasema. "Wamenizuia. Mpe mtoto simu, na uweke kipaza sauti karibu."

Kidevu, kwa mazoea ya kazi, aliposikia neno kipaza sauti aliniwekea na cha kwetu mdomoni. Sikukisukuma.

Yale maneno ya miezi miwili yote yalinitoka kichwani. Nikasema: "Hosiana, ni baba. Sikuweza kufika. Nakupenda sana mwanangu, na nilikusuka vibaya, unisamehe. Nenda kwa mumeo. Nimekuruhusu. Ruhusa."

Basi. Zilikuwa sekunde chache tu. Nikasikia vigelegele upande wa pili, na Foibe akipiga kelele, "Funueni sufuria!" Huku kwetu hakuna aliyepiga makofi. Makipa wangu watatu walikuwa wameinamisha vichwa. Koplo Masumbuko alivua kofia yake, akaitazama ndani kwa muda mrefu, akaivaa tena.

Na jamani, saa kumi na robo mgeni rasmi akafika.

Alikuwa Mheshimiwa Ngubiagai mwenyewe, na magari sita. Kwaya iliamka ikaimba wimbo si wenyewe. Mheshimiwa aliketi kwenye kile kiti, akala vijiko vitatu vya pilau iliyochacha, akashika kipaza sauti. Nilisimama na sanduku langu. Nilikuwa nasubiri neno moja tu, lile lile nililolitoa mimi bila kamati.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu Mang'ula ni mtu wa ajabu. Alikuja mwenyewe kuaga. Amekaa siku mbili, hakutoroka. Sasa mimi nawauliza, mtu anayejua kukaa namna hii tumwache aende? Wenzetu wa Bondeni hawana kocha. Naagiza kuanzia dakika hii Mang'ula awe Kocha Mkuu wa Bondeni. Hafla hii ya kumuaga naigeuza hafla ya kumpokea. Kamati imtafutie mgeni rasmi wa mapokezi. Mimi nina safari."

Akaondoka. Hakuaga.

Wakaanza kubadilisha vitambaa, wanatoa vya bluu wanaweka vya kijani, rangi ya Bondeni. Nilikaa chini kama mtu aliyepigwa na kitu. Halafu nikamwona Mwalimu Fabiano ananitazama, anakunja tu kitambaa chake. Nikaelewa.

"Dokta Chitete," nikasema, "mimi sasa ni kocha mkuu wa Bondeni. Vijana wangu wamekaa siku mbili bila mazoezi. Naomba niwatoe pumzi kidogo wakati mgeni anatafutwa. Na huyu Mwalimu Fabiano namteua kuwa msaidizi wangu wa riadha."

Waraka haukukataza kocha kukimbia. Aliusoma wote, mbele na nyuma, akakubali.

Tulishuka uwanja wa Bondeni, jua bado lipo. Mzunguko wa kwanza tulirudi. Wa pili tulirudi, Mwalimu Fabiano anahema lakini suti imefungwa vifungo vyote. Nikawaambia vijana, "Mzunguko wa tatu ukiisha, simameni. Msingoje filimbi." Mzunguko wa tatu, nyuma ya goli la mbali, tukakata kona.

Waya ulikuwa umelegea kweli. Juu yake zilikuwa zimening'inizwa filimbi tano, moja ya chuma. Na mbele ya waya alikuwa amesimama Koplo Masumbuko na bunduki yake.

Mwalimu Fabiano alinishika mkono. Nilitaka kutunga uongo lakini pumzi haikutosha.

"Koplo," nikasema, "binti yangu anaolewa kesho. Naomba ruhusa."

Koplo alitazama kule ukumbini walikokuwa wanapima vitambaa. Akatazama taji la Mwalimu Fabiano. Halafu akainua ule waya kwa mtutu wa bunduki, juu, mtu mzima apite bila kuinama sana.

"Ruhusa, mzee," akasema. "Na wewe mwalimu. Ruhusa."

Nilitundika filimbi yangu pembeni ya ile ya Bakilana.

Kwa hiyo magazeti yanapoandika kwamba kocha mkuu mpya wa Bondeni aliondoka bila kutarajiwa na bila kuaga, ni uzushi. Niliaga. Niliruhusiwa na mtumishi wa serikali aliye kazini, mwenye sare. Muulizeni mwenyewe Koplo Masumbuko, ingawa nasikia naye hajaonekana tangu mara ya mwisho alipoonekana. Hosiana nilimfikisha madhabahuni Jumapili saa nne, nikiwa na viatu vya mpira. Mwalimu Fabiano alifika kwake salama. Mkewe alimpokea na taji lake, akalitupa nje ya mlango, kuku wanalidonoa.

Maelezo yangu yameisha, nayatuma kwa basi. Nayatuma kwa basi kwa sababu mjumbe wenu amesimama sasa hivi hapa mlangoni, miguu inamuuma, anasema mkewe anamngoja kule kwao na ana miezi minane hajamwona. Ameniomba ruhusa, nami nimempa. Mkiona kimya ofisini msihangaike kumtafuta. Yuko njiani.